Bodi ya Bedford Isiharakishwe

Wenye malori ya zamani, kuanzia Tarime hadi Nyakunguru na Mugumu, nawasihi msikubali bodi ya Bedford ifunguliwe asubuhi na jioni iwe imeshachomelewa. Fremu za malori hayo ya Kiingereza zilipigwa ribiti, na kwa sababu nzuri: lori lenye mzigo hujisokota kila linapovuka korongo, na ribiti iliyokaa sawasawa hustahimili msokoto huo. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kando ya mshono, na ufa huanzia hapo hapo. Fundi makini hukata kichwa cha ribiti kuukuu kwa patasi, akaisukuma nje bila kulipanua tundu. Ribiti mpya hupashwa moto hadi iwe nyekundu. Msaidizi huzuia kichwa kwa chuma kizito, fundi huponda upande wa pili, nayo ribiti inapopoa husinyaa na kubana vyuma kwa nguvu za ajabu. Mbao za bodi nazo ziandikwe namba kwa chaki kabla ya kung'olewa, ili kila moja irudi mahali pake. Mwenye lori, mpe fundi muda, na umlipe kazi ya nyundo kwa thamani yake.