Eti Alikwenda Kujiremba!

Jumamosi ile tulikutana Mbinga mjini kama kawaida yetu, vijana kumi na kitu, kila mmoja na daftari lake, tukasomeana hadithi. Zamu ikamfikia mshikaji mmoja (jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua). Akatusomea kisa cha mama wa huku kwetu aliyekwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mikono, apunguzwe ngozi iliyokuwa ikining'inia, aweze kuvaa gauni lisilo na mikono. Mama anarudi kijijini na bandeji mbili, jembe halishikiki, mume anaingia jikoni, majirani wanajifia kwa kicheko, na hadithi inaishia hapo hapo: amekoma! Tulicheka, jamani. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona aibu, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Nina mama mdogo anayekaa ufukweni, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Alipokuwa mtoto sufuria la uji lilimwagikia mkono wa kulia, ukaungua kutoka kiwikoni mpaka karibu na kwapa. Kovu likabaki, gumu, limeinuka, upana wa vidole viwili. Mkono wenyewe ulifanya kazi zote. Ulitwanga muhogo, ulichota maji, ulibeba mabeseni ya dagaa kutoka mtumbwini na kuwaanika juu ya chanja. Kwa hesabu ya watu ulikuwa mkono mzima, sasa anataka nini tena? Lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama yule na blauzi ya mikono mifupi, na joto la Nyasa mwezi wa 11 mnalijua, si kama huku milimani tunakolala na blanketi mbili. Kanisani alichagua kukaa ukutani, upande wa kovu ukielekea ukuta. Ngoma ikipigwa, wenzake wakiinua mikono, yeye alipiga makofi chini chini.

Basi wakaja madaktari wa upasuaji kupita katika hospitali moja ya misheni. Akauza mbuzi wawili, akaenda. Kovu likaondolewa, ngozi ikavutwa pande mbili, ikashonwa. Mnauliza kama ilikuwa lazima? Haikuwa lazima. Ulikuwa urembo, nami nalitamka neno hilo bila haya.

Sasa sikilizeni habari ya kazi, maana hapa ndipo hadithi ya mshikaji ilipoishiwa pumzi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazifui dafu mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo vibarua vya ufukweni huja na giza. Giza likikupita, umekaa bila senti mpaka mwezi mwingine. Mama mdogo alishonwa mwezi ukiwa mpevu, akapiga hesabu kwamba giza likiingia atakuwa amepona. Siku ya 14 nyuzi zikatolewa. Siku ya 16 mitumbwi ikarudi imejaa. Akamwendea tajiri wake akaomba kazi nyepesi, hata ya kuchambua tu, kwa giza hilo moja.

“Mama,” tajiri akamjibu, “ungeugua ningekuelewa. Wewe umekwenda kujiremba. Urembo nao una likizo?”

Watu wakacheka. Walicheka kama tulivyocheka sisi, vijana wasomi wenye madaftari! Mama mdogo akainama, akainua beseni. Siku ya tatu mshono ukaachia karibu na kwapa. Badala ya kukosa giza moja akakosa mawili, na hapo palipoachia pana kovu baya kuliko lile la uji.

Nani alimdanganya kwamba wiki mbili zinatosha? Sisi sote, kwa kuwa tukiona nyuzi zimetoka tunadhani mambo yamekwisha. Jeraha la kushonwa likitimiza wiki 3 halijafikia hata theluthi moja ya nguvu za ngozi nzima. Likifika miezi 3 huwa kwenye asilimia 80 hivi, na zile 20 hazirudi tena. Ndiyo maana wapasuaji wa mikono humkataza mtu kunyanyua vitu vizito kwa wiki 4 hadi 6. Ndoo yetu ya lita 20 ina kilo 20 za maji, kabla hujaipima ndoo yenyewe. Na kuitwisha kichwani lazima mkono upande juu, yaani mshono wa kwapani unavutwa hasa. Nyama ya mwili haina masikio ya kusikia kwamba hii ilikatwa kwa ugonjwa na ile kwa urembo.

Mtasema haya ni mambo ya Wazungu. Vizuri, twende kwa Wazungu. Richard Hillary alikuwa kijana wa umri wetu, mwandishi kama tunavyojiita, rubani wa Uingereza. Septemba 1940 ndege yake ilipigwa, akaungua uso na mikono. Archibald McIndoe, mpasuaji kutoka New Zealand, akamtengeneza pale East Grinstead, alikowatengenezea marubani wengi kope, pua na vidole. Hakuna aliyewaambia marubani wale kwamba wamekwenda kujiremba! Mwaka 1942 Hillary akatoa kitabu chake, kisha akang'ang'ania kurudi kwenye urubani. Wenzake mezani waliona kisu na uma vinamshinda kushika, lakini akaruhusiwa. Januari 1943 ndege yake ikaanguka usiku, akafa na mwenzake, akiwa na miaka 23. Sidai kwamba mikono ndiyo iliyoiangusha ndege. Nasema kwamba hata yeye, shujaa, aliwahi kazini kabla ya mikono yake, na hakuna aliyemcheka.

Tena huyo huyo McIndoe, pamoja na mwanafunzi wake Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, ndio walioanzisha Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki mwaka 1957. Wote watatu wapasuaji wa hiyo mnayoiita kazi ya urembo. Mnaona?

Iko sheria, naijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Kaisomeni ufukweni alfajiri, mbele ya mabeseni, muone mama asiye na mkataba hata wa mstari mmoja atakavyowatazama.

Kwa hiyo sigombani na tajiri peke yake. Nagombana na sisi. Hadithi zetu zimejaa mikono: mikono laini, mikono ya mpenzi, mikono inayopunga stendi basi likiondoka. Ya kupapaswa tu! Mkono unaobeba tukiupa nafasi, tunaupa ili uchekwe. Halafu tunalalamika hatusomwi. Wanaobeba mabeseni watusome kwa lipi?

Mshikaji, hadithi yako usiichane. Lugha yako ni tamu, nakuonea wivu. Ila iendeleze kuanzia ile bandeji. Juzi nilimsimulia mama mdogo kisa chako, mwanzo mpaka mwisho. Hakukasirika, wala hakucheka. Aliendelea kugeuza dagaa wake kwa mkono wa kushoto, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, mume alipika, sawa. Maji alichota nani?”