Tovuti ya Chama cha Kiswahili: Maudhui Kwanza, Fani Baadaye

Mwaka wa 2005, kundi la waundaji wa programu za tarakilishi lililokuwa limejitenga na mradi wao wa awali lilitafuta jina la programu yake mpya. Jina lililochaguliwa ni Joomla, yaani neno la Kiswahili "jumla" lililoendelezwa kwa namna ya kumfaa asiyekijua Kiswahili. Programu hiyo hutumiwa kuunda tovuti katika pembe nyingi za dunia. Ni kinaya basi kwamba chama cha Kiswahili chuoni, chenye neno lenyewe, kinaweza kuhitimisha vizazi kadhaa vya wanachama bila tovuti, au kikawa na tovuti iliyokufa zamani.

Kisingizio cha kukosa utaalamu hakina mashiko tena. Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert na kutolewa mwaka wa 2001, WordPress, iliyoanzishwa na Matt Mullenweg na Mike Little mwaka wa 2003, pamoja na Joomla, zote ni programu huria zinazopatikana bila malipo. Huitwa mifumo ya kusimamia maudhui. Mwandishi huchapa makala yake kama achapavyo barua. Mfumo huihifadhi katika hifadhidata, kisha humwonyesha msomaji makala hiyo ikiwa imevishwa sura iliyoteuliwa. Sura ikibadilishwa, makala hubaki ilivyo. Wahakiki wa fasihi hushikilia kuwa fani na maudhui ni kama chanda na pete. Mifumo hii huvitenganisha kwa makusudi, na hapo ndipo penye funzo kwa anayeanza.

Aghalabu wanaoanza huanza na fani. Wiki nzima huishia katika kuchagua rangi, kupanga picha na kuongeza programu-jalizi za kila aina. Hatimaye tovuti huzinduliwa kwa mbwembwe, ikiwa na vichwa vya kuvutia: Ushairi, Tamthilia, Isimu. Msomaji akibofya, hukuta ukurasa mtupu, au lile andiko la mfano ambalo WordPress huliweka yenyewe siku ya kwanza. Msomaji huyo harudi.

Njia ya busara ni kuanza mezani. Kamati ya uhariri ikusanye makala kumi hivi zilizokwisha kuhaririwa, ipate idhini ya waandishi, kisha izigawe katika makundi machache. Kurasa tatu zatosha mwanzoni: utambulisho wa chama, makala, na mawasiliano. Fani itafuata, nayo itajua inachokivika.

Jambo la pili ni umiliki, nalo ndilo huziua tovuti nyingi za wanafunzi. Programu ni ya bure, lakini nafasi kwenye seva hulipiwa, na kikoa, yaani anwani ya tovuti, husajiliwa kwa muda maalumu na kuhuishwa kwa ada. Nchini Kenya, vikoa vya .ke husimamiwa na KENIC, or.ke hulengwa mashirika yasiyo ya kibiashara. Kikoa kikisajiliwa kwa baruapepe ya katibu binafsi, naye akahitimu na kwenda zake, ilani ya malipo humfuata yeye, na chama hubaki nje ya nyumba kiliyoijenga. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anwani, nywila na tarehe za malipo ziandikwe kwa jina la chama, zikabidhiwe mlezi pamoja na kamati, na ada iingizwe katika bajeti ya kila mwaka.

Mifumo hii imeliwazia suala la mamlaka pia. Katika WordPress, mchangiaji huandika lakini hawezi kuchapisha. Mhariri hupitia na kuchapisha. Msimamizi hushika funguo zote. Huo ndio utaratibu wa jarida lolote lenye heshima. Msimamizi huyo ndiye wa kusasisha programu na kuweka nakala za akiba, maadamu mfumo uliotelekezwa huwa mlango wazi kwa wadukuzi.

Wapo watakaosema kwamba Facebook na WhatsApp zatosha. Kwa kutangaza mkutano, naam. Lakini shairi lililotumwa humo mwezi jana limekwisha kufukiwa na salamu na vichekesho, na mtafiti hana pa kulitafutia. Tovuti ya chama huyapa maandishi anwani yake, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweze kuyasoma, kuyanukuu na kuyapinga hata baada ya waandishi wake kuhitimu.

Kwa hivyo, chama kinachotaka kuanza kisiulize kwanza programu ipi inapendeza zaidi. Kiulize kina nini cha kusomwa, nani atakihariri, na nani atalipia anwani mwaka ujao. Maswali hayo yakijibiwa, kazi ya tarakilishi iliyosalia ni ya siku chache.