Koroboi Yalipishwa Kosa la Mwizi

Wenzetu, dizeli ya mkulima wa Uingereza hutozwa kodi ndogo, nayo hutiwa rangi nyekundu. Ikikutwa ndani ya tangi la lori liendalo barabarani, mwenye lori hana la kujitetea. Kenya nako mafuta ya taa yalikuwa yakitiwa alama ya kemikali isiyoonekana kwa macho, ili kituo kiyachanganyacho na dizeli kijulikane. Basi dawa ya mwizi ilikwisha patikana! Lakini mwaka 2018 Serikali ya huko ikaongeza ushuru wa shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ati kuzuia uchanganyaji. Twauliza: bibi kizee awashaye koroboi alichanganya nini? Aliyechanganya ana kituo, ana leseni, na mlango wake wajulikana.