Mboga, matunda kwa vijana Simiyu: Mahubiri hayatoshi

MKOA wa Simiyu unasifika kwa pamba, zao linaloziingizia fedha taslimu kaya nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Hata hivyo, fedha hizo huja kwa msimu na hukuta madeni yakizisubiri. Tunda la mtoto anayesoma sekondari ni nadra kuwamo katika hesabu hizo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 10 ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa kijana wa familia yenye kipato duni, hususan msichana aliyekwishavunja ungo, ushauri huo una uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu.

Somo la lishe bora hufundishwa darasani, na mwanafunzi anaweza kulijibu vizuri katika mtihani, kisha akashinda na njaa hadi jioni. Kijana hachagui kinachopikwa. Nyumbani hula alichopakuliwa, na shuleni, pale chakula kinapokuwapo, hula makande au ugali na maharage. Vijisenti alivyonavyo hununulia andazi, kwa kuwa andazi hushibisha kuliko chungwa lililosafirishwa kutoka mbali. Kumlaumu kwa hilo ni kumwonea.

Mpango wa elimu bila malipo, ulioanza mwaka 2016, uliondoa ada hadi kidato cha nne, lakini chakula katika shule za kutwa kimebaki kuwa mchango wa wazazi. Kwa kawaida mchango huo hupimwa kwa mahindi na maharage, mboga haihesabiwi.

Kinachosikitisha ni kwamba Wasukuma walikwishapata jibu la kiangazi tangu enzi za mababu. Nsansa, yaani majani ya kunde au mgagani yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, iliwavusha watu katika miezi mikavu. Siku hizi wapo vijana wa mjini wanaoiona kuwa chakula cha shida. Ni kweli kwamba jua kali hupunguza vitamini zilizomo, lakini kuyakaushia majani kivulini hupunguza hasara hiyo bila gharama yoyote. Ubuyu nao una vitamini C kwa wingi, ingawa ule unaouzwa ukiwa umefunikwa kwa sukari na rangi umekaribia kuwa peremende.

Kikwazo kikubwa zaidi ni maji. Mchicha na matembele hustawi wakati wa mvua, kisha bustani za shule hukauka kiangazi kinapoanza. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kufikisha maji ya Ziwa Victoria mkoani humo. Mpapai ukitunzwa huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, muda mfupi kuliko anaotumia mwanafunzi kumaliza kidato cha nne. Lakini hata bomba likifika shuleni, ni lazima ijulikane mapema nani atamwagilia bustani wakati wa likizo ya Juni.