Jina Ndilo Hatamu: Farasi wa Blackfoot, Ng'ombe wa Yaaku na Deni la Kiswahili

Msafiri anayetoka Nanyuki kwenda Meru hupita Timau, mji mdogo ulio kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Kandokando ya barabara huona mashamba mapana ya ngano na punda wanaobeba maji. Akiteremka kuelekea kaskazini hadi hifadhi za Lewa na Borana, atawaona farasi pia, lakini wengi wa wanaowapanda ni watalii. Farasi waliletwa huku na walowezi wa Kizungu na hadi leo wamebaki wageni. Mahari haihesabiwi kwa farasi, wala hakuna kijana anayeitwa shujaa kwa sababu ya farasi. Farasi yupo Timau, lakini hayumo katika maisha ya Timau.

Hali ilikuwa tofauti kabisa kwa watu wa Blackfoot, ambao hujiita Niitsitapi, yaani watu halisi. Nchi yao ni nyika zilizogawanywa leo kati ya Alberta, nchini Kanada, na Montana, nchini Marekani. Kabla ya karne ya 18 waliwinda nyati kwa miguu na kuwaswaga hadi kwenye magenge ili waanguke. Mizigo yao ilikokotwa na mbwa kwa miti miwili iliyofungwa mgongoni na kuburuzwa ardhini. Farasi walipowafikia, yapata miaka ya 1730, maisha yote yaligeuka. Hema za ngozi zilikua kubwa kwa kuwa sasa yupo mnyama awezaye kukokota miti mirefu. Windo lilifuatwa mbali zaidi. Kijana alijipatia heshima kwa kuvamia kambi ya adui na kurudi na farasi. Tofauti ya tajiri na maskini nayo ilipanuka, kwani tajiri alihesabiwa kwa farasi wake. Mfugaji wa Kimaa au wa Kisamburu angeisikia habari hiyo na kuielewa bila mkalimani.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha jambo zito zaidi ni jina. Watu wa Blackfoot hawakumkopa farasi pamoja na neno la wale waliomleta. Walimwita ponokáómitaa, jina lililoundwa kutokana na neno la ayala mkubwa wa nchi yao na neno la mbwa. Ana umbo kubwa kama ayala, naye hufanya kazi ya mbwa. Basi ni mbwa-ayala. Mgeni alipewa mahali pa kukaa ndani ya nyumba iliyokwishajengwa. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa maana yeye naye alimtazama mnyama wa porini akamwita punda milia. Baadaye alilitazama gari la vita la chuma akaliita kifaru, na chombo kinachoruka akakiita ndege. Kweli, neno farasi lenyewe lilitoka Uarabuni, na kukopa si aibu. Tofauti ni kwamba mwenye kuunda jina hushika hatamu: humwongoza mgeni badala ya kuongozwa naye.

Mfano wa kinyume hauko mbali na Timau. Upande wa kaskazini, katika Kaunti ya Laikipia, upo msitu wa Mukogodo, makao ya Wayaaku. Hawa walikuwa wawindaji na warina asali walioishi katika mapango, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kikushi. Mali yao ilikuwa mizinga ya nyuki, na mahari ililipwa kwa mizinga. Kati ya mwaka 1911 na 1913 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia ili walowezi wapate ardhi. Baadaye makundi mengine ya wafugaji wasemao Kimaa yalisukumwa hadi eneo la Mukogodo. Majirani hao waliwaoa mabinti wa Kiyaaku kwa ng'ombe, na wazazi wakaanza kudai ng'ombe badala ya mizinga. Kijana wa Kiyaaku aliyetaka mke alilazimika kutafuta mifugo. Alipoipata, alipata pia desturi za wenye mifugo na lugha yao. Katika miaka ya 1920 na 1930 jamii nzima iligeuka kuwa ya wafugaji. Kufikia mwanzo wa karne ya 21, wazee waliokumbuka Kiyaaku walikuwa wachache mno.

Wapo watakaokimbilia methali na kusema kuwa mwacha asili ni mtumwa, na kwamba Wayaaku walijitakia. Hukumu hiyo ni nyepesi kupita kiasi. Majirani waliwaita kwa jina la dharau, Torrobo, lenye maana ya maskini asiye na ng'ombe. Baba aliyemfundisha mwanawe Kimaa hakuwa akiidharau asili yake. Alikuwa akimtafutia mke, majirani na heshima. Ng'ombe mwenyewe hakuua lugha. Kiyaaku kilikufa pale ambapo heshima yote ilianza kupatikana kwa lugha nyingine.

Haya yanathibitishwa na yaliyowapata Blackfoot wenyewe, licha ya jina lao zuri la farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 nyati walikuwa karibu kumalizika, na katika majira ya baridi ya 1883 hadi 1884 mamia ya watu walikufa kwa njaa huko Montana. Kisha zikaja shule za bweni, ambamo watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Farasi alibaki, ila lugha ikadhoofika. Kwa hiyo, kuunda jina ni kushika hatamu, lakini hatamu haishikwi na mkono uliofungwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoguswa. Mtoto wa Kenya aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani anaijua adhabu ya mtoto wa Blackfoot. Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kuilaumu Kiingereza peke yake kwa maovu hayo. Lakini Kiswahili nacho ni lugha ya heshima, ya soko na ya ofisi. Huko Timau, Mmeru, Mmaasai na Mturkana wakikutana, Kiswahili ndicho huwaunganisha. Hilo ni jema. Ubaya huanza pale mzazi anapoambiwa, au anapojiambia, kuwa lugha ya nyumbani haina kazi tena. Siku hiyo Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi ile ile ya ng'ombe wa mahari.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Idara za Kiswahili zisiyasome maneno hayo nusunusu. Tasnifu moja juu ya msamiati wa nyuki na mizinga, iliyoandikwa kwa Kiswahili baada ya kuketi na wazee wa Mukogodo, ingekuwa na faida kuliko tasnifu ya ishirini juu ya dhamira za riwaya ile ile. Kiswahili chenyewe kingetajirika, kama kilivyotajirika Tanzania kwa neno ng'atuka kutoka Kizanaki. Wenzao wa ng'ambo wameonyesha njia. Kamusi ya Kiblackfoot ya Donald Frantz na Norma Jean Russell ilitoka mwaka 1989. Taasisi ya Piegan, iliyoanzishwa Montana mwaka 1987, ilifungua shule ya kuwafunza watoto kwa lugha hiyo. Vijana wa Kiyaaku nao walianza juhudi za kufufua lugha yao katika miaka ya 2000. Wanachohitaji ni wasomi watakaokwenda kusikiliza kabla mzee wa mwisho hajanyamaza.

Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Kwa punda wa Timau msemo huo ni mkali. Kwa lugha ni wa hatari zaidi. Mzigo wa lugha ni maarifa ya watu, na hapana lugha iliyokufa njiani ambayo mzigo wake ulifika mzima.