Pedali Nzito Si Sababu ya Kung'oa Kebo

Kuna homa imewashika wenye Volkswagen Beetle. Kila mwenye pedali nzito ya klachi siku hizi anataka kung'oa kebo na kuweka haidroliki, tena aifanye mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa masta silinda ya gari lingine na mabomba aliyoyapata Kirinyaga Road. Ukimwuliza sababu, anasema haidroliki ni laini. Basi. Utafiti umekwisha.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na ugonjwa huu naujua. Ni ule wa kijana aliyeajiriwa Jumatatu, akakuta mfumo wa miaka kumi unaokwama mahali pamoja, na kabla hajasoma hata logi anatangaza kwamba wote lazima uandikwe upya. Gari nalo lina logi zake, ila hizo unazisoma ukiwa umelala chini yake.

Tuanze na kebo yenyewe. Inatoka kwenye pedali, inapita ndani ya mrija uliofichwa katika mgongo wa katikati ya sakafu, kisha karibu na giaboksi inaingia kwenye ala inayopindika, na mwisho inafungwa kwenye mkono wa klachi kwa nati. Ala ile imewekwa ipinde kidogo, kwa makusudi, milimita 25 hadi 45. Ikinyooka, gari hutetemeka likiondoka. Ikipinda kupita kiasi, kebo husugua ndani yake na pedali huwa nzito. Dawa yake ni kuongeza au kupunguza washa, zile pete bapa za chuma. Washa, jamani! Kisha angalia ekseli ya pedali kama imeshika kutu, bushi za shafti ya klachi kama zimekauka grisi, na nyuzi za kebo kama zimeanza kukatika. Pedali nyingi nzito nilizopata kuchungulia zilikuwa na moja kati ya hayo. Hata ukiweka haidroliki ya dhahabu, bushi kavu itabaki kavu.

Sasa tuje kwenye huo ulaini. Haidroliki haileti nguvu ya bure. Tuseme umepima, na mkono wa klachi unahitaji kusogea milimita 25 (hii ni namba ya mfano tu, gari lako lipime mwenyewe). Pedali yako ina uwiano wa 5 kwa 1. Ukiweka masta ya kipenyo cha milimita 19, na silinda ya chini ya 19 vilevile, pistoni ya masta itasafiri milimita 25 na mguu wako milimita 125. Umepata nini? Ile ile kebo, ila yenye mafuta. Kitu pekee ulichoondoa ni msuguano, ambao ungeondoka kwa grisi na kebo mpya.

"Basi nitaweka masta ndogo." Haya, weka ya 16, na chini weka ya 22. Eneo la pistoni ni milimita mraba 201 juu na 380 chini, uwiano wa 1.89. Ni kweli, mguu unapumzika karibu nusu ya uzito. Lakini masta sasa inatakiwa kusafiri milimita 47, na pedali karibu sentimita 24. Utaipata wapi nafasi hiyo mbele ya kiti cha Beetle? Pedali itagonga sakafu klachi ikiwa haijaachia, gia zitasaga, halafu mwenye gari atamlaumu fundi, fundi amlaumu muuza vipuri. Kumbe alikosea kuzidisha. Mtoto wa darasa la saba angemwambia.

Wapo watakaonitajia Porsche. Kweli, 911 iliacha kebo ikaingia haidroliki kwa modeli ya 1987. Lakini mwaka huo huo Porsche walileta giaboksi mpya, G50. Hawakuchomelea silinda pembeni ya giaboksi ya zamani wakaita maendeleo. Na kama kebo ni aibu, mbona Tommy Fjastad alishinda Safari Rally mwaka 1962 kwa Volkswagen yenye kebo hiyo hiyo, katika matope ya enzi zile?

Kinachonikasirisha hasa si pesa za watu. Ni breki zao. Nimeonyeshwa Beetle ambayo mwenyewe alijisifu kwamba ameokoa nafasi kwa kuunganisha masta ya klachi kwenye chupa ya mafuta ya breki, tundu lake likiwa chini kabisa. Viwanda vingi hutumia chupa moja kwa vyote viwili, sikatai, lakini tundu la klachi huwekwa juu, ili klachi ikivuja breki zibaki na akiba yake. Hii ya chini, sili moja ya klachi ikichoka, inanyonya chupa mpaka ikauke. Gari lile lilikuwa linabeba watoto wa shule kila asubuhi. Wengine humwaga mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye mfumo kwa sababu "yote ni haidroliki," na sili zilizotengenezwa kwa mafuta ya breki zinavimba na kuharibika.

Sisemi kazi hii haifanyiki nyumbani. Inafanyika, na iko siku inafaa: umeweka injini na giaboksi ya Subaru kwenye Kombi, au mrija wa ndani ya mgongo umeachia na hutaki kukata sakafu. Hapo mimi mwenyewe nitakushikia tochi. Lakini giaboksi ikiwa ni ya Volkswagen, kumbuka kebo huvuta mkono kuelekea mbele, na silinda nyingi husukuma. Kwa hiyo silinda ikae nyuma ya mkono, au utafute ya kuvuta. Kishikio chake kifungwe kwenye giaboksi, si kwenye bodi, maana injini hucheza. Spring ya kurudisha mkono ibaki, na mchezo wa pedali ubaki pia, ule wa milimita 10 hadi 20, kwa sababu beringi ya klachi haikuundwa kuzunguka mchana kutwa. Klachi ipewe chupa yake peke yake. Na weka kizuizi cha pedali, kwani ukizidisha safari utaumiza klachi bila kujua.

Kwa hiyo wewe uliyepanga kuanza Jumamosi, umeshanunua masta na umeazima mashine ya kuchomelea, swali langu ni moja tu: mkono wa klachi yako unasogea milimita ngapi?