Mbwa wa Ulinzi na Haki ya Tiba

Sheria yetu imemruhusu Muislamu kuweka mbwa kwa ajili ya uwindaji, mifugo na shamba, na wanavyuoni wengi wameuingiza humo ulinzi wa nyumba. Kwa ruhusa hiyo, zipo nyumba za Waislamu mijini kwetu zenye mbwa getini. Linalotusikitisha ni kuwa mbwa huyo akiugua, baadhi yetu huikumbuka najisi yake na kuisahau roho yake.

Tuchukue maradhi ya sikio, ambayo huwapata mbwa wengi. Mnyama hutikisa kichwa, hujikuna hadi akachubuka, na sikio hutoa uchafu wenye harufu. Chanzo huweza kuwa utitiri, kupe, kuvu, bakteria au mzio, na kila kimoja kina dawa yake. Kwa hiyo hatuoni udhuru kwa anayemimina mafuta ya taa, au dawa ya sikio iliyobakizwa na mtoto. Daktari wa mifugo huchungulia kwanza kama ngoma ya sikio ni nzima, kwani zipo dawa ambazo zikipenya ngoma iliyotoboka humtia mnyama uziwi.

Akishaandika dawa, kazi iliyobaki ni ya mwenye nyumba, na hapa ndipo penye kasoro. Mlinzi huachiwa chupa, hutia matone siku mbili tatu, harufu ikipungua basi. Ilhali tiba hii aghalabu huchukua wiki moja, mbili au zaidi. Ikikatwa njiani, ugonjwa hurejea, na pengine dawa ileile isiuweze tena.

Tundu la sikio la mbwa huteremka kisha likapinda kuelekea ndani, hivyo tone lililoachwa juu halifiki. Sikio husafishwa kwanza kwa dawa ya kusafishia aliyoitoa daktari, uchafu ukafutwa kwa pamba, si kwa kijiti, maana kijiti huusukuma ndani. Likikauka, hutiwa matone kwa idadi iliyoandikwa, na shina la sikio likasuguliwa polepole. Mbwa mwenye maumivu huweza kumuuma hata bwana wake. Afungwe mdomo, na mtu wa pili amshike.

Ama najisi, katika madhehebu ya Imam Shafi ni kweli kuwa mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sabuni, kwa kauli yenye nguvu, haikai mahali pa udongo. Lakini kilichokatazwa ni kujipaka najisi bila ya haja, na tiba ni haja. Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Wanavyuoni wameandika kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Sisi hatuoni vipi atakayemlisha mlinzi wake amwache aoze sikio.

Anayechelea udhu wake avae glavu za mpira, azitupe amalizapo, na dawa aitie baada ya sala badala ya kabla yake. Na mbwa akianza kuinamisha kichwa upande mmoja au kuyumba, asingojewe amalize chupa: arudishwe kwa daktari siku hiyohiyo.